Nyumba ya mama yenye wahudumu ndani: tunachokilipia na tunachokipata

Mama yangu ni mzaliwa wa Unguja aliyekuja Uingereza akiwa msichana, akafanya kazi ya jikoni hospitalini mpaka akastaafu, na sasa huu ni mwaka wa tatu anaishi katika jengo la wazee lenye nyumba 52, kwenye mji mmoja wa mikoa ya kati ya England. Waingereza huyaita makazi ya namna hii extra care. Nimeona niyaandikie tathmini kwa Kiswahili kwa sababu najua zipo familia nyingi zetu zinazoulizana kwa sauti ya chini nini kifanyike na mzazi asiyeweza tena kuachwa peke yake, na kwa sababu mimi mwenyewe nilipokuwa natafuta sikupata wa kunieleza mambo haya kwa lugha ambayo mama angeyafuata. Jengo lenyewe na kampuni inayotoa huduma sitavitaja. Baadhi ya malalamiko yetu hayajamalizika, na tena mengi nitakayoyasema yanatokana na namna fedha zinavyolipwa kuliko jina lililobandikwa mlangoni.

Jamaa zetu wa nyumbani walipopata habari walipiga simu wakisema tumempeleka mama kwa watu. Nimeyaelewa maneno yao, lakini hayakuwa sahihi. Katika makao ya wazee, mtu hupewa chumba, chakula na matunzo kwa malipo ya pamoja, na chumba si chake. Mama ana nyumba yenye sebule, chumba cha kulala, jiko na bafu, ana mkataba wa upangaji uliotiwa saini kwa jina lake, ana ufunguo wake, na mhudumu haingii mpaka agonge na kuitikiwa. Kodi ya nyumba hulipwa kwa chama cha nyumba chenye jengo. Huduma za mwili, yaani kumwogesha, kumvisha na kumpa dawa, hutolewa na kampuni nyingine. Na halmashauri ya mji ndiyo inayolipa sehemu kubwa ya saa za huduma hizo. Wahusika ni watatu, na anayetaka kuelewa kwa nini huduma ni nzuri siku fulani na mbaya siku nyingine lazima ajue ni yupi kati yao anayelipwa kwa jambo gani.

Kuhusu nyumba yenyewe sina mengi. Ni safi, ina joto la kutosha, milango inapitisha kigari chake cha kutembelea bila kugonga pembe, na bafu halina kizingiti wala beseni la kupanda, bali sakafu iliyoinama kidogo kuelekea kwenye tundu la maji, na kiti cha kuogea kilichofungwa ukutani. Mkahawa wa chini hupika chakula cha mchana kila siku, ingawa nyama yake si halali, na mama hushuka siku za samaki tu. Siku nyingine hujipikia uji au hupasha mchuzi nilioupeleka Jumapili.

Kilichotufanya tulichague jengo hili, na kinachonifanya nilisifie mpaka leo, ni namna saa za huduma zinavyoweza kupindwa zifuate siku ya mama. Nitatoa mfano mmoja kwa urefu, kwa kuwa ndio uliotupa tabu kuliko yote. Mama hakosi sala ya alfajiri. Unguja, wakati wa alfajiri hautofautiani hata kwa saa moja mwaka mzima, kwa hiyo mwili wake ulijifunza saa yake tangu utotoni. Hapa tulipo, mwezi wa Disemba alfajiri huingia kama saa kumi na mbili na robo, na mwezi wa Juni huingia karibu saa tisa za usiku. Tangu alipovunjika nyonga hawezi kuinuka kitandani bila mtu, na hawezi kutawadha akiwa amesimama. Alipokuwa bado kwenye nyumba yake ya zamani, kampuni ya huduma za majumbani ilimpangia ziara ya saa mbili asubuhi, dakika 15, na hakuna aliyeweza kuisogeza, kwa kuwa mhudumu yule alikuwa na nyumba nyingine za kupita kwa gari kabla na baada yake. Mwongozo wa NICE, taasisi inayoweka viwango vya afya na huduma hapa England, umesema tangu mwaka 2015 kwamba kwa kawaida ziara isiwe chini ya nusu saa, lakini mwongozo si amri. Mama alikuwa akiamka kwa saa yake mwenyewe, akilala akitazama dari, akisali kwa ishara, na mara mbili alijaribu kuinuka peke yake akaanguka.

Katika jengo hili wapo wahudumu wawili wa zamu ya usiku walio macho mpaka asubuhi. Wiki ya kwanza tulikaa na kiongozi wa zamu tukampa kalenda ya nyakati za sala kutoka msikitini, naye akaipiga chapa akaibandika kwenye ofisi yao. Tangu siku hiyo, mhudumu wa usiku huingia kwa wakati unaohama kila wiki, humkalisha mama kwenye kiti cha bafuni, humpa kopo la maji ya uvuguvugu mkono wa kulia, humwachia nafasi atawadhe mwenyewe, kisha humpeleka kwenye kiti kinachoelekea kibla na kumfunika magoti kwa kanga. Mara nyingi jambo zima halizidi dakika 12. Mhudumu aliyeanza mpango huu ni mwanamke wa Kizimbabwe, Mkristo, na ndiye aliyegundua kwamba kopo la plastiki lenye mkono mpana halimponyoki mama kama lile la bati alilolizoea. Akalinunua mwenyewe, akakataa kurudishiwa pesa.

Sasa nieleze kwa nini jambo hilo linawezekana huku wakati kule lilishindikana, kwa sababu tofauti haiko kwenye wema wa watu. Yule wa dakika 15 naye alikuwa mwema. Tofauti iko kwenye malipo. Katika jengo letu huduma imegawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la msingi: kampuni hulipwa kiasi kisichobadilika ili wawepo watu ndani ya jengo usiku na mchana, mkazi abonyeze kitufe chake au asibonyeze. Fungu hilo huchangiwa na halmashauri pamoja na ada ya kila wiki inayotozwa kila mkazi, hata asiyehitaji kuogeshwa. Fungu la pili ni saa za mtu binafsi, zinazotokana na tathmini ya mahitaji yake. Mama amekadiriwa saa 10 na nusu kwa wiki, yaani dakika 45 asubuhi, 15 mchana kwa ajili ya dawa na 30 jioni. Msaada wa alfajiri hutoka kwenye fungu la kwanza. Laiti jengo lingelipwa kwa saa za watu binafsi peke yake, kusingekuwa na mtu wa kumwita saa tisa usiku, kwa kuwa hakuna kampuni itakayomlipa mhudumu akae macho akisubiri kengele isiyo na mlipaji.

Kwenye fungu la pili nako tumepata unyumbufu, japo kwa kuupigania. Kampuni ya kwanza ilikuwa na utaratibu wa kuweka akiba ya dakika: ikiwa mama nimemchukua mimi Jumamosi, dakika ambazo hazikutumika zilihifadhiwa kwa wiki nne, naye akizitumia siku nyingine, kwa mfano kusindikizwa hadi sokoni au kukaa na mtu wa kumsaidia kupika mikate ya kumimina wakati wa Ramadhani. Zilikuwa zikiandikwa kwa kalamu kwenye faili la bluu linalokaa juu ya friji, na mama, ambaye hesabu za jikoni hazikuwahi kumshinda, alikuwa akizijua kwa kichwa kuliko wahudumu wenyewe. Sheria inaruhusu hata zaidi ya hapo. Kwa mujibu wa Care Act ya mwaka 2014, mtu aliyekubaliwa kuwa na mahitaji hupangiwa bajeti yake binafsi, na anaweza kuiacha mikononi mwa halmashauri, kulipwa fedha taslimu ajipangie huduma mwenyewe, au kukubaliana kwamba bajeti ishikwe na mtoa huduma ambaye ataitumia kwa namna wanavyoelewana na mzee. Njia hii ya tatu ndiyo inayofaa zaidi majengo ya namna hii, na nasikitika kwamba halmashauri yetu haikuitaja mpaka nilipoiuliza kwa barua.

Wakazi wa siku nyingi husimulia kwamba zamani majengo ya wazee yalikuwa na msimamizi aliyeishi humo humo, aliyemjua kila mtu kwa jina. Wengi wa wasimamizi hao waliondoka kwa sababu za kifedha. Mwaka 2003 serikali ilianzisha mfuko ulioitwa Supporting People, wa kulipia msaada unaomwezesha mtu kuendelea kuishi kwenye nyumba yake. Mwaka 2009 uzio uliolinda fedha hizo zisitumike kwa mengine uliondolewa, na halmashauri zilipobanwa na bajeti, msaada huo mdogo wa kila siku ukawa wa kwanza kukatwa. Kodi ya nyumba ina ruzuku yake, huduma za mwili zina sheria yake, lakini kumgongea mzee mlango na kumuuliza ameamkaje hakuna aliyebaki na wajibu wa kulipia jambo hilo. Ada ya msingi tunayotozwa leo, kwa sehemu kubwa, ni jaribio la kuziba pengo hilo kwa mfuko wa mkazi.

Nitumie nafasi kidogo kwenye tathmini ya mahitaji, maana hapo ndipo familia zetu hupoteza haki zao. Ofisa wa ustawi wa jamii alipokuja mara ya kwanza, mama alikuwa amevaa buibui lake zuri, amefukiza udi, na chai ya tangawizi iko mezani. Kila alipoulizwa alijibu, "Alhamdulillahi, sijambo." Unajiweza kuoga? Nashukuru Mungu. Unalala vizuri? Hamna tabu, mwanangu. Ni adabu aliyolelewa nayo, kwamba mgeni hapokelewi kwa kilio, na mimi nilikaa kimya kwa sababu si heshima kumsahihisha mama mbele ya watu. Matokeo yake akaandikiwa saa tatu na nusu kwa wiki. Tuliomba tathmini irudiwe. Safari hii niliandika kwa siku saba kila kilichotokea usiku na mchana: ameamka mara ngapi, shuka zimefuliwa mara ngapi, amechukua muda gani kutoka kitandani hadi chooni, dawa gani imesahaulika. Nikamkabidhi ofisa karatasi hizo mlangoni kabla hajaketi, na mama akaendelea kuwa sijambo kwa amani. Tukatoka na saa 10 na nusu. Nami nikatathminiwa kama mwanafamilia anayeuguza, kwa kuwa sheria ile ile inampa haki hiyo kila anayemhudumia mzazi, mume au mke.

Upande wa malipo, kanuni zinazofuata ni za England tu. Uskoti, kwa mfano, huduma za mwili kwa wazee wa miaka 65 na zaidi ni bure tangu mwaka 2002. Hapa kwetu, mwenye akiba inayozidi pauni 23,250 hujilipia huduma zote mwenyewe. Mwenye chini ya pauni 14,250 akiba yake haiguswi, bali huangaliwa kipato chake. Aliye katikati huhesabiwa kana kwamba kila pauni 250 zilizo juu ya kiwango cha chini zinamwingizia pauni moja kwa wiki. Mama ana akiba ya pauni 15,000, kwa hiyo kwa hesabu ya huduma anahesabiwa kipato cha pauni 3 kwa wiki. Lakini kodi ya nyumba hulipiwa kwa ruzuku nyingine yenye kanuni zake, ambayo kwa wastaafu huacha pauni 10,000 za mwanzo na kuhesabu pauni moja kwa kila pauni 500 zinazofuata, hivyo akiba hiyo hiyo huko inahesabiwa kuwa pauni 10 kwa wiki. Barua mbili kutoka ofisi mbili za halmashauri moja, zenye tarakimu tofauti kuhusu pesa zile zile, zilimnyima mama usingizi akidhani anashukiwa uongo. Zote mbili zilikuwa sahihi. Ilitosha mtu mmoja amweleze hivyo kwa simu.

Ruzuku ya kodi hulipia pango na gharama za sehemu za pamoja, kama lifti na usafi wa korido. Huduma za mwili, chakula, umeme wa ndani na kengele ya dharura haivilipii. Kwa hayo mama hutumia Attendance Allowance, posho ya wastaafu wanaohitaji uangalizi, ambayo haitazami akiba wala pensheni ya mtu; kwa mwaka wa fedha 2025/26 ilikuwa pauni 73.90 au 110.40 kwa wiki, kutegemea kama msaada unahitajika usiku na mchana au kimojawapo. Na kwa kuwa anahesabiwa yuko kwenye nyumba yake, posho hiyo haikatizwi, tofauti na mzee aliye kwenye makao ya wazee yanayolipiwa na halmashauri, ambaye huikosa baada ya siku 28. Halmashauri ikiihesabu posho hiyo kuwa kipato, ni haki yenu kuonyesha gharama zinazotokana na ugonjwa, kama ufuaji wa ziada, nepi za wazee na joto la nyumba. Wekeni risiti.

Kuna jambo linalowahusu watu wetu ambalo halisemwi wazi. Mwenye kumiliki nyumba anayeishi humo, nyumba hiyo haihesabiwi anapopewa huduma nyumbani. Lakini akiiuza ili akapange kwenye jengo kama hili, pesa za mauzo ni akiba, na atajilipia mpaka zishuke. Na mali iliyo nje ya nchi huhesabiwa pia. Mama ana fungu lake kwenye nyumba ya urithi huko Ng'ambo, mtaa wa mjini Unguja, na tulilitaja tangu mwanzo pamoja na karatasi zake. Yupo ndugu aliyetushauri liandikwe haraka jina la mjukuu. Tulikataa, na tulifanya vizuri, kwa kuwa halmashauri ikiona mali imegawiwa kwa makusudi ya kukwepa malipo, humhesabia mtu kana kwamba bado anayo.

Malalamiko yangu sasa. Katika mwaka wa pili halmashauri iliitisha zabuni mpya, na kampuni nyingine ikachukua kazi. Wahudumu wengi walihamishiwa kwa mwajiri mpya, lakini faili la bluu halikuhamia nao. Badala yake ulikuja mfumo wa simu ambapo mhudumu hubonyeza akiingia na akitoka, na dakika zisizotumika zinapotea. Majira ya joto yaliyofuata tulipata wahudumu wa muda wasioijua kalenda ile ya sala, na asubuhi sita kati ya wiki mbili mama hakuamshwa. Baadaye alilazwa hospitalini siku 9, na ankara ya mwezi ikaja na saa zake zote kana kwamba alikuwa chumbani mwake akivishwa. Ilinichukua miezi minne na barua tano kurudishiwa fedha hizo. Kila ofisi iliniambia niende kwa nyingine, na hapo nikaona ukweli wa wahenga waliosema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Ili mwingine asizunguke kama mimi: lalamiko kuhusu nyumba, lifti au ada za jengo huanzia kwa chama cha nyumba, na lisipopata jibu huenda kwa Housing Ombudsman, yaani msuluhishi wa malalamiko ya nyumba; lalamiko kuhusu huduma au hesabu za halmashauri huenda kwa ombudsman mwingine, wa serikali za mitaa na huduma za jamii. Care Quality Commission hukagua kampuni ya huduma na kuipa daraja, lakini katika makazi ya namna hii haikagui jengo. Daraja zuri ubaoni halikuambii lolote kuhusu lifti.

Kwa haki niseme kwamba wahudumu wenyewe sina cha kuwalaumu. Jengo lilikusudiwa lipokee theluthi ya wazee wenye mahitaji makubwa, theluthi wa kati na theluthi wanaojiweza, ili fungu la msingi litoshe wote. Lakini halmashauri ndiyo inayopendekeza nani aingie, na kadiri bajeti inavyobana, wanaoletwa ni wale walio hoi zaidi. Wahudumu wawili wa usiku waliotosha mwaka wa kwanza sasa wanakimbia kutoka kengele hadi kengele. Na tangu Julai 2025 serikali imefunga njia ya kuajiri wahudumu wapya kutoka nje ya nchi, ambayo iliwaleta wengi wa wale wanaomwinua mama.

Nikiulizwa kama ningemhamishia mama hapa tena, nasema ndiyo, na jengo nalipa nyota nne kati ya tano; utaratibu wa malipo wa sasa naupa mbili. Anayekwenda kutazama jengo kama hili asiishie kusifia sebule ya chini na maua. Aombe aonyeshwe mkataba wa ada ya msingi, aulize usiku wako wangapi na kama wako macho, aulize dakika zisizotumika zinakwenda wapi, mzee akilazwa ankara inasimama siku ya ngapi, na zabuni ijayo ni mwaka gani. Akijibiwa kwamba hayo yatazungumzwa baadaye, aombe yaandikwe kabla hajatia saini.

Mwezi uliopita meneja mpya alikubali kwa maandishi kurudisha akiba ya dakika kwa majaribio ya miezi mitatu, kwa wakazi wote na si mama peke yake. Kalenda ya sala imebandikwa upya ofisini, na kopo lenye mkono mpana bado liko pale pale bafuni, kando ya kiti.